Kupiga Solo ya Jazi kwa Noti za Kutua: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi Aliyepevuka

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi ambaye tayari anazijua skeli zote 12 za meja, anasoma Cm7 au G7 bila kusita, na pengine anapiga katika bendi ya kanisa au amepita mitihani ya madaraja ya juu, lakini solo yake bado inasikika kama mazoezi ya vidole. Noti zote ni sahihi, ila hakuna kinachosemwa. Nairobi ina wapigaji wengi wa hali hii, hasa vijana wa kinanda na saksafoni, na ushauri wanaopewa mara nyingi ni kuongeza skeli. Skeli nyingine haitasaidia. Kinachokosekana ni kujua unakokwenda: utatua kwenye noti ipi, juu ya kordi ipi, katika pigo lipi. Karibu kila zoezi lililo hapa chini linatokana na jambo hilo moja.

Jipime kwanza

Rekodi kwa simu mizunguko miwili ya bluzi katika F, kila mzunguko vipimo 12 na kila kipimo mapigo manne, ukiwa peke yako, bila muziki wa kusindikiza, metronomu tu ikigonga. Usiisikilize siku hiyo. Kesho yake keti na kalamu, isikilize, na ujaribu kuandika kila mahali ambapo kordi inabadilika kwa kuisikia solo pekee. Angalia zaidi kipimo cha 5, bluzi inapohamia B♭7. Kama huisikii B♭7 pale, msikilizaji naye haisikii. Siku zote amekuwa akiambiwa na besi na piano.

Sababu huwa moja kati ya tatu. Huenda unapiga skeli moja juu ya kordi zote, mara nyingi ile skeli ya bluzi, ambayo haigombani na kordi yoyote na kwa hiyo haisemi lolote kuhusu kordi. Huenda unazijua noti zinazostahili lakini zinafika baada ya pigo la 1, kordi ikiwa imeshapita. Au umepoteza hesabu ya vipimo bila kujua. Ya kwanza ndiyo imewakamata wengi, na ya pili ndiyo ngumu kuitibu, kwa sababu mpigaji mwenyewe haisikii mpaka ajirekodi.

Vifaa na mahali

Unahitaji metronomu, simu ya kurekodi, spika za masikioni, na programu ya kupunguza mwendo wa rekodi bila kushusha kimo cha sauti. Hata YouTube ina mwendo wa 0.75 na 0.5. Hifadhi rekodi unayojifunza kwenye simu mara moja, maana utairudia mara nyingi na bando halitatosha.

Wanaoishi kwenye ghorofa za Umoja au Roysambu wana tatizo la majirani. Mpiga tarumbeta ana kizibo cha kupunguza sauti. Mpiga saksafoni hafaidiki sana kwa kujaza nguo kwenye mdomo wa chombo, kwa kuwa sauti nyingi hutokea kwenye matundu. Afadhali apige akielekea kabati lililo wazi na lililojaa nguo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi iliyo hapa ni ya kuimba, na hiyo inafanyika hata ndani ya matatu.

Nyimbo tatu, si thelathini

Chagua nyimbo tatu na ukae nazo miezi. Ya kwanza ni bluzi katika F. Ya pili ni wimbo wenye mwendo wa ii–V–I (kordi ya pili, ya tano, kisha ya kwanza ya kii) katika meja na pia katika maina. "Autumn Leaves" unafaa kuliko mwingine wowote kwa sababu unazipitia zote mbili ndani ya vipimo 8. Ya tatu ni mfuatano wa kordi uliotokana na wimbo wa George Gershwin wa 1930, "I Got Rhythm", ambao wanajazi wametunga nyimbo nyingi juu yake: vipimo 32, mpangilio wa AABA (sehemu ya A mara mbili, B, kisha A tena), kwa kawaida katika B♭.

Kwa kila wimbo, kabla ya solo yoyote, fanya mambo matatu kwa kichwa: imba melodi, imba noti za mizizi ya kordi kama mpiga besi, kisha piga kordi zenyewe kwenye kinanda hata kama wewe ni wa tarumbeta. Kordi za noti tatu zinatosha: mzizi kwa mkono wa kushoto, ya tatu na ya saba kwa wa kulia. Mpulizaji asiyejua kuzipiga kordi kwa mikono hubaki akizikisia.

Bluzi tutakayoitumia ni hii, kordi moja kwa kila kipimo:

F7 | B♭7 | F7 | F7
B♭7 | B°7 | F7 | D7
Gm7 | C7 | F7 | C7

Imba noti za kutua

Kordi hutambulika kwa noti yake ya tatu na ya saba. Mzizi unao mpiga besi, na ya tano haielezi kitu kikubwa. Ya tatu inasema kama ni meja au maina, ya saba inasema kama kordi imetulia au inataka kwenda. Hizo mbili ndizo noti za kutua, na uzuri wake ni kwamba kutoka kordi moja hadi nyingine huwa hazisogei mbali.

Tazama ii–V–I katika C. Dm7 ina F na C. G7 ina F na B. Cmaj7 ina E na B. Kwa hiyo kuna njia mbili: F inabaki F kisha inashuka E, C inashuka B kisha inabaki B. Aliyelelewa katika kwaya ya Kenya, kwa noti za do-re-mi, ana mali kubwa hapa bila kujua. Njia ya kwanza ni fa–fa–mi. Ya pili ni do–ti–ti. Katika kii yoyote ile ni hivyo hivyo. Do tu ndiyo inayohama. Kwa maina, ukihesabu kutoka la, njia ya kwanza ni re–re–do na ya pili ni la–se–la (la ya mwisho ikiwa mzizi wa kordi), ile se ya nyimbo za maina ambayo kila mwanakwaya anaijua.

Sasa zoezi. Weka metronomu 60. Imba fa–fa–mi, kila noti mapigo manne, mkono wa kushoto ukipiga mizizi. Halafu do–ti–ti. Nenda kii zote 12 kwa mpangilio huu: C, F, B♭, E♭, A♭, D♭, G♭, B, E, A, D, G. Chombo kinafuata baada ya sauti, kamwe si kabla. Ukigundua kwamba unaweza kuipiga noti lakini huwezi kuiimba kabla ya kuipiga, basi noti hiyo ni ya vidole na bado haijawa ya sikio, na mwendo ukiongezeka itakupotea.

Kwenye bluzi njia mbili ni hizi, noti moja kwa kipimo:

Njia ya juu: A, A♭, A, A, A♭, A♭, A, F♯, F, E, E♭, E.
Njia ya chini: E♭, D, E♭, E♭, D, D, E♭, C, B♭, B♭, A, B♭.

Ziimbe. Kutoka kipimo cha 1 hadi cha 2 A inakuwa A♭, yaani mi inakuwa ma. Nusu toni hiyo moja ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba F7 imeondoka na B♭7 imeingia. Kuanzia kipimo cha 8 njia ya juu inashuka F♯, F, E, E♭, nusu toni kwa nusu toni. Ukiijua hiyo, daraja, yaani sehemu ya B, la mfuatano wa Gershwin (D7, G7, C7, F7, vipimo viwili viwili) umeshalijua nusu, maana noti zake za kutua ni F♯, F, E, E♭ hizo hizo, na upande wa pili C, B, B♭, A.

Kama una rafiki mpulizaji, kila mmoja achukue njia yake na mpige pamoja bila piano. Wimbo mzima utasikika, kordi zote, kwa sauti mbili tu. Ni zoezi zuri kuliko muziki wowote wa kusindikiza, kwa sababu hakuna kinachokuficha.

Wapigaji wa saksafoni ya alto wakumbuke kwamba F ya piano ni D kwao. Wa tenori na wa tarumbeta ni G. Andika njia hizi kwa kii ya chombo chako, lakini uziimbe kwa do-re-mi, ambayo haijali chombo.

Njia ya kuifikia noti

Noti ya kutua ikishakaa sikioni, kazi inayofuata ni kuifikia kwenye pigo la 1 ukitoka nyuma. Hapa ndipo wengi hukosea mwelekeo: huanza kufikiri kordi inapofika. Wanajazi wazuri hufikiri kordi inayokuja wakiwa bado kwenye iliyopo, na mstari wao wote unaelekea huko.

Njia ya msingi ni kuizunguka: noti moja ya juu yake kutoka kwenye skeli, noti moja ya chini yake kwa nusu toni, kisha yenyewe. Kama unataka kutua E juu ya C, piga F kwenye pigo la 4, D♯ kwenye nusu ya pili ya pigo la 4, na E kwenye pigo la 1. Fanya hivyo kwa kila noti ya njia ya juu na ya chini, mwendo wa 80, ukinyamaza mapigo mengine yote. Kimya hicho ni sehemu ya zoezi.

Halafu irefushe. Huu hapa mstari mzima wa noti za nusu pigo, nane kwa kila kipimo, juu ya ii–V–I ya C:

Dm7: D F A C E D C A♯
G7: B D F A♭ G F♯ F D♯
C: E

Uchambue polepole. Kipimo cha kwanza kinapanda kwa kordi ya Dm7 hadi E, noti ya tisa, kisha kinageuka. Noti mbili za mwisho, C na A♯, zinaizunguka B. B ni ya tatu ya G7 na imetua kwenye pigo la 1. Kutoka hapo mstari unapanda B D F A♭. A♭ ni noti kali juu ya G7, yaani haimo kwenye skeli yake ya kawaida, lakini iko nusu ya pili ya pigo, kwa hiyo inauma kidogo tu na kupita. G, F♯, F ni kushuka kwa nusu toni, kisha D♯ inamalizia mzunguko, na E inatua. Noti ya mwisho ya kipimo si mwisho wa wazo; wazo linaishia kwenye E.

Sasa kata kipimo cha pili peke yake na ukipeleke kwenye bluzi. Katika kipimo cha 4, F7 ikielekea B♭7, kinakuwa A C E♭ G♭ F E E♭ C♯, kisha D kwenye kipimo cha 5. Katika kipimo cha 8, D7 ikielekea Gm7: F♯ A C E♭ D C♯ C A, kisha B♭. Katika kipimo cha 10: E G B♭ D♭ C B B♭ G♯, kisha A. Kauli moja, mahali patatu. Ukiipiga kote katika mzunguko mmoja utachosha masikio ya watu, kwa hiyo jifunze kuingia katikati. Nyamaza mapigo mawili ya kwanza ya kipimo cha 4, anzia pigo la 3: F E E♭ C♯, D. Hizo noti tano zinatosha kabisa kuibeba B♭7, na mara nyingi ni tamu kuliko zote tisa.

Kinachoharibika hapa ni kimoja: mpigaji akichelewa nusu pigo, D♯ inaangukia pigo la 1 juu ya C na inasikika kama kosa tupu. Noti ni zile zile. Kilichohama ni mahali. Ukisikia mstari wako una uchungu usiouelewa, chunguza kwanza pigo la 1 kabla ya kulaumu noti.

Kwa nini skeli sahihi husikika vibaya

Piga skeli ya G7 ikishuka kwa nusu pigo: G F E D C B A G. Kwenye mapigo yenyewe umeweka G, E, C, A. Tatu za mwisho ni noti za Am, na sikio hufuata kinachoangukia pigo. Ndiyo maana skeli sahihi juu ya kordi sahihi husikika kama kordi nyingine.

Dawa ni kuongeza noti moja ya kupita kati ya mzizi na ya saba: G F♯ F E D C B A G. Sasa mapigo yamepata G, F, D, B, ambazo ndizo noti za G7, na oktavu inamalizika kwenye pigo la 1 linalofuata. Barry Harris (1929–2021), mpiga piano wa Detroit aliyefundisha New York kwa miaka mingi, aliijenga sehemu kubwa ya mafundisho yake juu ya hesabu za namna hii: uanzie noti gani, uongeze nusu toni ngapi, ili noti za kordi ziangukie mapigo.

Kanuni hii inafanya kazi ukianzia noti ya kordi kwenye pigo. Ukianzia A, C au E, hesabu inageuka, na kuongeza F♯ kutaivuruga. Wanafunzi wengi huisoma kanuni nusu, wakaongeza F♯ kila mahali.

Mwendo na swingi

Kwa wimbo wa mwendo wa 120, weka metronomu 60 na uhesabu kila mlio wake kuwa pigo la 2 na la 4. Mwanzoni utajikuta umegeuza na kuyahesabu kuwa 1 na 3. Simama, sema kwa mdomo "moja" kukiwa kimya na "mbili" pamoja na mlio, uanze tena. Ukizoea, weka 30 na uhesabu mlio kuwa pigo la 4 pekee. Hapo utaona kama unakimbia au unaburuta. Karibu kila mtu hukimbia anaposhuka na huburuta anapopanda.

Swingi, ule mgawanyo wa jazi usio sawa wa noti za nusu pigo, inataka maelezo zaidi kwa wapigaji wa hapa. Aliyekulia kwenye benga na nyimbo za sifa ana mkono imara wa noti zilizogawanywa sawasawa, na akiambiwa apige swingi hukaza noti ya kwanza na kuifupisha ya pili mpaka muziki unatembea kama gwaride. Njia fupi ya kutoka hapo ni chakacha ya pwani, ambayo kila pigo lake lina vipande vitatu. Piga makofi vipande vyote vitatu, kisha nyamazisha cha katikati: kinachobaki, cha kwanza na cha tatu, ndicho kianzio cha swingi. Ni kianzio tu. Kwenye mwendo wa 90 mgawanyo huo unafaa. Mwendo ukifika 200 noti zinakaribia kulingana, na anayeendelea kung'ang'ania vipande vitatu husikika akirukaruka. Unganisha noti, na uweke mkazo mdogo kwenye ile ya pili, ya nusu pigo. Mpulizaji aguse ulimi kwenye noti za nusu ya pili ya pigo na kuunganisha kuingia kwenye pigo. Kinyume chake ndicho kinacholeta ugumu.

Kunakili kwa sikio

Hakuna njia ya mkato hapa. Lennie Tristano, mpiga piano na mwalimu wa jazi, aliwaimbisha wanafunzi wake solo za wapiga saksafoni Lester Young na Charlie Parker kabla ya kuwaruhusu kuzipiga, na utaratibu huo haujapitwa na wakati.

Chagua solo fupi. Kwa bluzi ya F kuna "Now's the Time" ya Charlie Parker, iliyorekodiwa 1945. Kwa anayepiga noti nyingi mno, solo ya mpiga tarumbeta Miles Davis katika "So What" ya 1959 ni dawa: mizunguko miwili ya vipimo 32, kila mmoja vipimo 16 vya skeli ya D dorian (noti nyeupe za kinanda kuanzia D), 8 vya E♭ dorian, 8 vya kurudi D, na nafasi tele kati ya kauli na kauli.

Sikiliza mpaka uweze kuimba mzunguko mmoja pamoja na rekodi, pumzi zikiwemo. Kisha uuimbe bila rekodi, metronomu ikigonga 2 na 4. Baada ya hapo tafuta noti kwenye chombo, kauli moja moja. Mwendo wa 0.75 ni wa kutafutia noti, lakini swingi uisikilize kwa mwendo wake halisi, kwa kuwa ukipunguza sana mgawanyo wa noti unadanganya. Kuandika kuje mwisho kabisa. Anayeandika kwanza hupata karatasi nzuri na solo mbaya.

Ukimaliza mzunguko, weka alama kwenye kila noti ya kutua na kwenye kila mahali kauli inapoanzia. Utashangaa jinsi kauli chache zinavyoanzia pigo la 1. Chagua kauli tatu pekee, zipeleke kii 12, kisha zibadilishe: anza pigo moja baadaye, geuza mdundo, acha mwanzo ubakize mwisho. Kauli isiyobadilishwa hubaki ya mwenyewe uliyemnakili.

Kujenga solo

Piga vipimo viwili, nyamaza viwili, kwa mzunguko mzima. Wanafunzi hulichukia zoezi hili kwa sababu kimya kinawatisha, nalo ndilo linalowabadilisha haraka zaidi. Ukishalizoea, fanya vipimo viwili viwe mwito na viwili utakavyopiga baada ya kimya viwe kiitikio: mdundo ule ule, noti tofauti, kwa kuwa kordi imebadilika. Mwito wa kipimo cha 1 ulitua A. Kiitikio cha kipimo cha 5 kitatua A♭. Hapo mdundo unakuwa uzi na noti za kutua zinakuwa habari.

Halafu jifunge. Mzunguko mmoja tumia noti tano tu. Mwingine usipite oktavu moja. Mwingine kila kauli ianzie nusu ya pili ya pigo la 2. Kizuizi hulazimisha wazo lijitokeze.

Kuhusu noti kali juu ya V, maneno machache yanatosha. Juu ya G7 inayoelekea C unaweza kutumia A♭, B♭, D♭ na E♭. Ni noti za maina ya melodi ya A♭, ambayo ndani yake B na F, ya tatu na ya saba ya G7, bado zipo. Kila noti kali ina deni: A♭ hulipwa na G, D♭ na C, E♭ na D au E. Deni lisipolipwa ifikapo C, hilo ni kosa hata kama skeli ni halali. Na msikilize mpiga piano: akiwa ameshikilia E ya kawaida juu ya G7 hiyo, E♭ yako itagongana nayo.

Ratiba ya kutwa

Dakika 80 zinatosha, siku tano kwa wiki. Dakika 10 kuimba njia za kutua, 15 kuzifikia kwa kuzizunguka, kii mbili tu kwa siku, 20 kunakili, 10 metronomu ya 2 na 4, 20 solo huru ikirekodiwa, 5 kusikiliza rekodi ya jana. Ukiwa na dakika 30 tu, baki na kuimba, kunakili na kurekodi. Stima ikipotea, imba. Rekodi ya kila mwisho wa mwezi, bluzi ile ile, mwendo ule ule, iwekwe. Rudia nayo jaribio la mwanzoni na uhesabu ni mabadiliko mangapi ya kordi yanasikika bila kusindikizwa.

Kupiga na wengine

Mambo haya yote hukaa sawa mbele ya watu, na Nairobi si maskini wa hilo. Kenya Conservatoire of Music ipo tangu 1944. Tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza 2014, liliwaleta wanajazi wa nje jijini na kuchangia Ghetto Classics, mradi wa muziki wa vijana wa Korogocho, ambako vijana wengi wamejifunza vyombo vya kupuliza. Tarehe 30 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Jazi, na kwa kawaida kuna mahali pa kwenda. Bendi ya kanisa nayo ni shule: wapiga kinanda wake wanazijua kordi za kupitia kuliko wanafunzi wengi wa darasani, na mpulizaji akiwauliza kwa adabu, "Kaka, hapo katikati umeweka nini?", atajifunza jambo.

Kwenye jukwaa la wazi taja wimbo, kii na mwendo kabla ya kuhesabu. Kukiwa na kelele, kii huonyeshwa kwa vidole: kuelekea chini ni idadi ya flati, kuelekea juu ni idadi ya shapu. Kidole kimoja chini ni F, viwili ni B♭, vitatu ni E♭. Kimoja juu ni G. Wapiga bendi za kanisa wawe macho hapa, kwa sababu kwao vidole huonyesha namba ya kordi, na vidole vinne vinaweza kueleweka kuwa kordi ya nne.

Ukipotea katikati ya solo, usiendelee kumimina noti ukitafuta. Shika noti moja ndefu au nyamaza kabisa, sikiliza besi, na usubiri mahali panapojitangaza: kipimo cha 5 au cha 9 kwenye bluzi, daraja kwenye nyimbo za AABA. Mpiga dramu mzuri hutia alama mwishoni mwa kila vipimo 8. Msikilize yeye kuliko piano.

Mizunguko miwili inatosha kwenye bluzi, mmoja kwenye wimbo wa vipimo 32, hasa kukiwa na foleni ya wapulizaji. Ukikaribia kumaliza, punguza noti kuanzia kipimo cha 9, mtazame anayekufuata ukifika cha 11, na kauli yako ya mwisho iache itue kwenye pigo la 1 la mzunguko wake, ili aanze akiwa na kitu cha kujibu.